Shajara ya kutafuta darubini yangu ya kwanza

Siku ya 1

Nimeanza rasmi leo. Nimechukua daftari, juu kabisa nimeandika DARUBINI, chini yake vitu vinne ninavyotaka kuviona kwa macho yangu mwenyewe: mashimo ya mwezini, miezi ya Mshtarii, pete za Zohali, na lile wingu lililopo kwenye upanga wa Jabari, kundi ambalo wengi wanaliita Orioni. Vinne tu basi. Nimeviandika kabla sijaangalia darubini hata moja manake nataka kila ntakayoikuta niiulize swali hilo hilo, hii itanionyesha pete au haitanionyesha?

Mwezi leo umejaa, nimesimama nje nikautazama kwa macho tu. Hauna kivuli hata kimoja na nyota karibu zote zimefifia.

Siku ya 3

Maboksi yote yanatangaza namba moja, inakuza mara ngapi. Nimekutana na moja imeandikwa 525x kwa herufi kubwa kuliko jina la darubini yenyewe, nikasema ngoja, hii 525 inatoka wapi? Nikasoma yale maandishi madogo ya pembeni: lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 70, urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hiyo mpaka pale mwanga unapokutana, milimita 700, afu kuna lenzi mbili za jicho, zile unazochungulia, ya milimita 20 na ya milimita 4, na kikuzaji cha kuchomeka katikati kinaitwa Barlow, cha mara 3. Kumbe hesabu yenyewe nyepesi tu, unachukua urefu wa fokasi wa bomba unagawa kwa wa lenzi ya jicho. 700 gawa kwa 4 ni 175, zidisha kwa 3 unapata 525. Hesabu iko sawa kabisa. Shida ni kwamba lenzi ya milimita 70 haikusanyi mwanga wa kutosha kubeba ukuzaji wote huo. Wazoefu wanatumia kipimo cha mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, yaani hapo mwisho ni 140, na hiyo ni hewa ikiwa imetulia kweli kweli. Ukipita hapo kitu kinakuwa kikubwa ndio ila kina giza na ukungu, kama unavyovuta picha ndogo kwenye simu mpaka sura ya mtu inapotea.

Afu nikakumbuka kitu kimenishtua. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, aliiona miezi ya Mshtarii Januari 1610 kwa darubini iliyokuwa inakuza kama mara 20 hivi. Ishirini! Na ile miezi bado iko pale pale. Nimeikata ile namba ya 525 kwenye daftari kwa mistari miwili.

Siku ya 5

Nimekata maduara ya kadibodi, ya milimita 60, 70, 130 na 200, nimeyabandika ukutani yamepangana. Ya 60 ni kama mdomo wa kikombe, ya 200 ni kama sahani. Unaposoma namba unaona 70 na 130 kama zinakaribiana, ila ukiyaona yamekaa pamoja ndo unaelewa, manake kinachokusanya mwanga ni eneo la duara zima na sio upana wake peke yake. Mboni ya jicho gizani inafunguka mpaka kama milimita 7. Kwa hiyo darubini ya 70 inakusanya mwanga mara 100 ya jicho, ya 130 karibu mara 345, ya 200 inapita mara 800. Pale chini ya kila duara nimeandika hizo namba kwa kalamu nene.

Nikawaza basi yameisha, nachukua ya 200.

Siku ya 8

Aina za darubini, kwa kifupi. Kuna ya lenzi, lile bomba refu jembamba ambalo kila mtu akichora darubini ndo anachora hilo. Kuna ya kioo, mwanga unaingia mpaka chini unagonga kioo kilichopinda kama bakuli, unarudi juu kwenye kioo kidogo kilicholala kimshazari, unatokea ubavuni unapoweka jicho. Hii ya pili aliitengeneza Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, mwaka 1668 kwa sababu lenzi za wakati ule zilikuwa zinatawanya rangi pembeni ya vitu na kioo hakina tatizo hilo. Afu kuna mabomba mafupi manene yanayochanganya lenzi na kioo, ni mazuri ila kwa kipenyo kile kile gharama yake inapanda sana. Kwa mtu anayeanza na anataka kipenyo kikubwa, kioo ndo kinampa mwanga mwingi kwa hela ile ile. Hapo sina ubishi.

Siku ya 9

Darubini ya kioo ya milimita 200, bomba na kitako chake, uzito wake ni kama kilo 20. Hiyo namba nilikuwa naisoma naipita tu. Leo nikaona niijaribu, nimejaza dumu la lita 20 maji, hizo ni kilo 20 kamili, nimelibeba kutoka chumbani, nikapita kwenye ule mlango mwembamba, nikashuka ngazi mpaka nje, nikalitua, afu nikalirudisha. Mara ya kwanza nimeweza vizuri. Nikajiambia rudia tena usiku ukiwa umechoka na taa zimezimwa, manake hivo ndo itakavyokuwa kweli. Saa nne usiku nimelibeba tena, kwenye kona ya ngazi nimeligonga ukutani. Maji hayajali kugongwa. Kioo kinajali.

Na bado darubini yenyewe haina mkono wa kushikia kama dumu, ni bomba refu zaidi ya mita 1. Lile duara la sahani ukutani nimelitazama mda mrefu leo. Sijalitoa, ila nimeandika pembeni "kilo".

Siku ya 16

Mwezi haupo kabisa usiku huu, giza zuri. Nimeazima bainokula ya 10x50, hizo namba maana yake inakuza mara 10 na kila lenzi ya mbele ina milimita 50. Nimekaa gizani dakika 25 kwanza bila kugusa simu kabisa, macho yanahitaji mda huo kuzoea na mwanga mmoja mweupe unakurudisha mwanzo. Taa yangu nimeifunika karatasi nyekundu.

Nimeanza na Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana. Kwa macho nahesabu nyota 6, nikikaza labda 7. Nikainua bainokula, aisee. Zimejaa makumi kwa makumi, za buluu, kali kama ncha za sindano, na zote zinaenea ndani ya duara moja kwa pamoja na nafasi inabaki. Hiki kitu darubini nyingi haziwezi kukupa manake zinaona kipande kidogo cha anga, unakiona Kilimia vipande vipande. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nilipoegemea ukuta na kubana viwiko mbavuni, hapo nyota zikatulia.

Upanga wa Jabari nimeuona una kiwingu kweli, kidogo, cha kijivu. Mshtarii ni kiduara kidogo na pembeni kama kuna nukta, nikipumua inapotea. Mtu asiye na uwezo wa darubini kwa sasa namwambia kwa moyo wote achukue bainokula nzuri aanze leo, haitakaa bure hata siku akinunua darubini. Mimi mwenyewe nilitaka kusimamia hapo. Ila ile nukta pembeni ya Mshtarii imenikosesha usingizi.

Siku ya 22

Hii siku ndo imeamua mambo mengi, ntaandika kwa urefu.

Mzee mmoja jirani ana darubini ya lenzi, milimita 70 kwa fokasi ya 700, imekaa miaka mingi. Kaniita jioni, mwezi ni nusu. Tumeisimamisha kwenye stendi yake ya miguu mitatu, miguu ya bati jembamba, inavutwa mpaka kimo cha kifua. Kaweka lenzi ya jicho ya milimita 20, kwa hiyo tunakuza mara 35, nikainama.

Sikuongea kwa mda. Ule mstari unaotenganisha mchana na usiku mwezini umekatika katika kama kingo za mkate uliomegwa, na pale pale kwenye mstari kuna mashimo matatu makubwa yamepangana kutoka juu kwenda chini. Kubwa lao linaitwa Ptolemaeus, upana wake unazidi kilomita 150, la pili Alphonsus, la tatu Arzachel. Nusu ya sakafu ya kila shimo iko kwenye kivuli cheusi kabisa. Siku ya 1 nilivyoutazama mwezi umejaa sikuona kitu manake jua lilikuwa linaupiga usoni, vivuli havipo. Kumbe mwezi mzuri wa kutazama ni huu wa nusu, na uzuri wote uko kwenye ule mstari.

Afu mzee akaweka ya milimita 10 tukapata mara 70, akasema haya rekebisha fokasi. Nikagusa kile kitufe cha kuzungusha na mwezi wote ukaanza kucheza ngoma. Nikaachia nikasubiri utulie. Nikagusa tena, ngoma tena. Kila ukigusa unaharibu, ukiachia unaona kwamba fokasi haijakaa, unagusa tena. Nikamuomba mzee nijaribu kitu, nikaligonga bomba kwa kidole taratibu huku nahesabu kwa saa: sekunde 7 mpaka picha kusimama. Tukarudisha miguu ya stendi ndani yote tukakaa chini kwenye majani, nikagonga tena, sekunde 4. Lenzi ni zile zile, mwezi ni ule ule, ila tulipokaa chini niliona vilima vidogo ambavyo tukiwa tumesimama havikuonekana kabisa.

Mzee akaniambia, "Mwanangu, watu wananunua bomba, stendi wanapewa. Wewe nunua stendi, bomba litakuja lenyewe." Nikamuuliza mbona hajabadilisha ya kwake basi, akasema amezoea kukaa chini, na wajukuu wanafikia vizuri zaidi.

Kwenye daftari nimeongeza safu mpya: SEKUNDE.

Siku ya 23

Usiku mzima nimesoma habari za stendi. Kuna zile za kufuata mzunguko wa dunia, zina mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka, na vizito vya kusawazisha, ukiipanga vizuri unafuata nyota kwa kuzungusha kifundo kimoja tu. Ni nzuri kwa anayetaka kupiga picha baadae, ila ile ya bei ya kuanzia ni nyepesi mno kwa mzigo inaobebeshwa, na mtu mgeni anamaliza jioni anahangaika na vifundo. Siitaki kwa sasa.

Afu kuna sanduku la Dobson. John Dobson alikuwa mtawa huko Marekani, alisugua vioo vyake mwenyewe, akawa anaweka darubini kubwa barabarani San Francisco kila mpita njia atazame, na mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanzisha kikundi chao cha kufanya hivo. Stendi yake ni sanduku la mbao tu limekaa chini kwenye kitako kinachozunguka, bomba linainuka na kushuka, unalisukuma kwa mkono. Hamna miguu myembamba ya kutetemeka. Na kuna matoleo madogo ya kukaa juu ya meza, kioo cha milimita 130, fokasi 650, uzito hauzidi kilo 7.

Nimebeba dumu likiwa na lita 7, ngazi nimeshuka kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ukuta. Nimelirudia mara nne usiku huu na hakuna ukuta niliougonga. Lile duara la 200 nimelibandua leo. Roho imeniuma, ule mwanga wote ningeupenda, ila ni mwanga ambao ungebaki chumbani siku nyingi.

Uamuzi: milimita 130 ya kioo, sanduku la Dobson la mezani.

Siku ya 27

Wakati nasubiri nashughulikia meza, manake hiyo darubini haina miguu, inategemea unachoiweka juu yake. Meza ya plastiki nimeigonga, inacheza. Kigoda cha miguu minne kinatikisika kwenye sehemu isiyo sawa. Kuna kigoda cha mbao cha miguu mitatu kilikuwa stoo, kizito, na miguu mitatu inakaa popote bila kutafuta. Nimekipima kimo, sentimita 48, nikikaa kwenye kiti jicho linafika vizuri.

Pia nimeingiza programu ya Stellarium, ni ya bure, unaiwekea namba za darubini yako na lenzi zako inakuchorea duara la utakachokiona. Na lenzi ya 25 (mara 26) Kilimia hakiingii chote vizuri, naishukuru tena ile bainokula.

Siku ya 41

Imefika na mawingu yamefika nayo.

Nimeitumia mchana kulinganisha kile kitafutio chake cha kitone chekundu, kidude cha kulengea kilichokaa juu ya bomba. Nimeilenga nguzo ya mbali kabisa, nikaiweka katikati ya lenzi ya jicho, picha iko juu chini na hiyo ni kawaida kwa darubini ya kioo cha Newton, mbinguni hakuna juu wala chini haisumbui. Afu nikazungusha vifundo vya kitafutio mpaka kitone kikakaa juu ya nguzo ile ile. Jua lilikuwa upande wa pili mgongoni kwangu na nimehakikisha hivo kwanza. Hapa nasema bila kupunguza, usielekeze darubini kwenye jua hata sekunde moja, jicho linaungua na halirudi. Na vile vichujio vidogo vya jua vya kufunga kwenye lenzi ya jicho ukivikuta kwenye boksi vitupe, vinaweza kupasuka kwa joto jicho likiwa hapo hapo. Kichujio cha kweli kinafunika mdomo wote wa mbele wa bomba.

Kioo kina vumbi kidogo, kitambaa kilikuwa mkononi tayari nikasita, nikasoma kwanza. Vumbi kidogo halizuii mwanga wa maana ila kufuta kunakwangua ule mpako. Kitambaa nimekirudisha kabatini.

Siku ya 47

Anga limefunguka. Darubini nimeitoa nje nusu saa kabla, kioo lazima kipoe kilingane na hewa, la sivyo joto linapanda ndani ya bomba na picha inachemka.

Nyota ya kwanza ilikuwa Shira, ile inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Nikaiondoa kwenye fokasi makusudi, inapaswa ifunguke kuwa pete yenye kivuli cha duara katikati, lakini kivuli kilikuwa kimekaa upande mmoja. Ina maana vioo havijanyooka, labda safarini. Nikaingia ndani, kile kifuniko cha plastiki cha tundu la jicho nimekitoboa katikati kabisa kwa sindano ya moto, nikakivalisha nikachungulia. Unaona kioo kidogo, ndani yake kioo kikubwa, ndani yake alama ya pete iliyobandikwa katikati ya kioo kikubwa, na kakitundu kako keusi kanaonekana nje ya hiyo pete. Nyuma ya bomba kuna skrubu tatu. Nimezungusha moja robo, kakitundu kakasogea upande sio. Nikarudisha, nikajaribu ya pili, kakasogea kuelekea pete. Kazi ya dakika 20 hivi kuinama na kuinuka mpaka kakaingia katikati. Nilikuwa naiogopa hii kazi kuliko zote na sasa naona ni kitu cha kufanya hata kila jioni.

Nikarudi nje. Shira katikati, pete safi pande zote.

Mshtarii kwa mara 26: kiduara cheupe na nukta tatu, mbili upande mmoja na moja upande mwingine, zimenyooka kwenye mstari. Kwa mara 65 duara lina mikanda miwili ya rangi ya udongo. Dunia inazunguka kwa hiyo Mshtarii inahama, kama dakika 3 inatoka upande huu wa duara mpaka ule, unasukuma bomba kidogo kwa kidole. Mwanzoni nilikuwa naipoteza manake inakwenda kinyume na unavyotegemea, baada ya nusu saa mkono umezoea wenyewe.

Halafu upanga wa Jabari. Kile kiwingu cha bainokula sasa kina mabawa mawili yanafunguka, kijivu chenye kakijani kwa mbali, na katikati kabisa kwa mara 65 kuna nyota nne ndogo zimebanana. Nikitazama moja kwa moja mabawa yanafupika, nikitupa jicho pembeni kidogo yanarefuka, pembeni ya jicho ndo kunaona giza vizuri. Ule mwanga umesafiri miaka kama 1,300. Nimekaa pale mpaka umande ukaanza kushika kitafutio.

Siku ya 48

Mdogo wangu kaja kutazama. Nimemwachia kiti, nikamwambia asishike bomba, atazame tu. Akasema, "Kaka, mbona ziko nne?"

Nikainama. Nne kweli. Jana usiku, mmoja wa ile miezi ulikuwa umejificha, mbele au nyuma ya Mshtarii. Galileo naye usiku wa kwanza, tarehe 7 Januari, aliziona tatu, ya nne ikamjia siku chache baadae. Tumechora kwenye daftari, jana na leo, mstari juu ya mstari. Baada ya masaa mawili dogo kaangalia tena akaniambia ule wa ndani umesogea, nikamwambia wewe umechoka, nikaangalia mchoro, umesogea.

Siku ya 52

Mwezi ni nusu tena. Mzee nimemwita, safari hii yeye ndo amekaa kwenye kiti changu. Kabla hajatazama akaligonga bomba kwa kidole, akahesabu. Sekunde moja, haikufika mbili. Hakusema kitu, akainama.

Mashimo matatu yapo pale pale kwenye mstari. Katikati ya Alphonsus kuna kilele kimoja, sakafu inayokizunguka bado ni nyeusi na ncha yake peke yake imeshapigwa na jua, kama taa iliyowashwa ndani ya shimo. Tumepokezana mzee na mimi zaidi ya saa nzima na ile ncha imekuwa ikinenepa taratibu, jua linapanda kule huku tunatazama. Zohali kwa sasa iko upande wa jua haionekani, itatokea alfajiri baada ya wiki kadhaa. Kigoda kinahitaji vipande vya mpira chini ya miguu, kwenye sakafu ya saruji kinateleza kidogo.